Jina Lililoulizwa Mara Moja

4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua barua yako itaanza na shikamoo. Mimi mzima. Goti la kushoto linakataa ngazi lakini halikatai pedali ya cherehani, kwa hiyo bado tunaelewana. Sare za shule nimezimaliza wiki iliyopita, jozi mia na arobaini, na kola zote zimelala. Wasalimie wifi yangu na watoto wenu pacha.

Mama hayupo hapa. Amechukuliwa tangu tarehe kumi na tano ya mwezi uliopita. Ama hakuna aliyekuandikia, ama yupo aliyekuandikia na wewe umenyamaza.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti aliitisha kikao kwa Shangazi. (Siku hizi hata watoto wake humwita Mwenyekiti. Sijaona kikao cha ukoo ambacho kaka yetu hakukalia kiti cha mbele.) Akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasoma kama karani: "Tarehe tatu, saa nne asubuhi, tovuti ya dawa za usingizi. Tarehe tano, nyumba za kulelea wazee, tovuti tatu mfululizo. Tarehe nane, tovuti ya wauguzi waliochoka." Kisha akavua miwani. "Huyu kachoka. Anameza dawa alale, na Mama anamtafutia pa kumtupa. Mnataka nisubiri nini?"

Kila jina alilolisoma lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyafungua yote. Dawa ya usingizi ni ya Mama, aliandikiwa na daktari, nami nilitaka kujua kama inapatana na ya shinikizo la damu. Nyumba za wazee nilikuwa natafuta wateja wa shuka. Moja ilishaniagiza shuka sitini. Hiyo ya kuchoka ilikuwa yangu, sikanushi. Lakini nilipofungua mdomo kueleza, watu walikuwa wameshainamisha vichwa. Nilisimama katikati ya sebule ya Shangazi kama mwizi aliyekutwa na kuku. Wakaja nyumbani, wakambeba Mama na kiti chake, wakampeleka kwa Mwenyekiti.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sijui kompyuta yangu inamwambia nani nini. Wewe ndiye fundi mitandao wa ukoo huu. Nijibu mawili: aliyapataje majina yale, na nizibe vipi. La tatu nitalifanya mwenyewe. Usinisuluhishe naye. Nataka Mama arudi nyumbani kwake, na nataka siku hiyo Mwenyekiti awe amesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenibana. Tunafunga mtandao kwenye jengo la ofisi la ghorofa sita na lifti haifanyi kazi. Wifi yako hajambo. Pacha wameanza kusoma, mmoja anasoma kila bango la barabarani kwa sauti, mwingine anamsahihisha.

Habari ya Mama imenisikitisha. Nikija kwenye swali lako la kuziba, hili hapa.

Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la tovuti, kabla ukurasa haujafunguka, kompyuta huuliza kwanza: "Huyu namba yake ni ipi?" Huduma inayojibu swali hilo ndiyo inayoitwa DNS. Kwa kawaida swali hilo huenda wazi, na wa kwanza kulisikia ni ruta, kile kisanduku cha intaneti kilicho ukutani kwako. Mwenye nywila ya ruta anaweza kuiamuru iandike kila swali, na tarehe, na saa. Haoni ulichosoma humo ndani. Anaona mlango uliougonga, basi. Ndiyo maana Mwenyekiti alikuwa na majina matupu, maelezo akayatia yeye.

Dawa yake ni DNS iliyosimbwa. Swali linafungwa kwa fumbo kabla halijatoka kwenye kompyuta, linapita kwenye ruta likiwa limefungwa, linafunguliwa na mtambo wa mbali uliouchagua mwenyewe. Ruta inabaki kujua kwamba umeuliza kitu, haijui nini. Fungua mipangilio ya kivinjari chako, sehemu ya faragha na usalama, tafuta palipoandikwa DNS salama, iwashe, uchague mjibu. Usichague ile hali ya "ikishindikana, uliza wazi". Chagua inayogoma kabisa kuliko kuuliza wazi.

Sitaki nikudanganye kwamba utakuwa hauonekani. Yule mjibu wa mbali atajua unachouliza, kwa hiyo chagua unayemwamini. Na aliye kwenye laini bado anaweza kuona namba unazoziendea. Ila ile orodha ya majina itakauka.

Kuhusu aliyapataje, Dada, hayo ya nani alifanya nini tuyaache kwanza. Tuzibe.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea, niko peke yangu na vyerehani viwili. Hongera ya kusoma kwa pacha. Huyo msahihishaji mlee vizuri, atakuja kuwa mtu wa maana au mtu asiyealikwa.

Nilifanya kama ulivyosema, nikadhani nimemaliza. Jumamosi Mwenyekiti akapiga simu.

"Naona siku hizi tunatafuta wakili."

"Nani kakwambia?"

"Nina watu wangu."

Alicheka kile kicheko chake cha puani. Nikamwambia ampe Mama simu. Akasema Mama amepumzika. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikamwita Mama Chapa, yule mama mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala hapa chini, anayetengeneza pia tovuti za maduka. Akakaa mbele ya kompyuta na kuchunguza mpaka chai yake ikapoa. Kumbe nilifunga kivinjari ninachokitumia mimi tu. Wakili alinitumia barua pepe yenye kiungo, nikabonyeza, kikafunguka kwenye kile kivinjari kingine kilichokuja na mashine, ambacho sikijui na sijawahi kukigusa. Hicho kikauliza wazi, kwa sauti, jina zima la ofisi ya wakili. Ni kama mtu kushona mfuko mmoja na kuacha mwingine umetoboka, halafu kutia ufunguo kwenye uliotoboka. Mimi ndiye fundi, na mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Nilikwenda kumwona Mama kwa Mwenyekiti. Wamemweka chumba cha nyuma, kiti kimeelekea ukutani kwa sababu televisheni inaning'inia upande huo. Aliniuliza mara nne kama nimekuja kumchukua. Mke wa Mwenyekiti akasema, "Mama jamani, hapa si kwenu?" Mama akamjibu, "Kwetu nina dirisha."

Nakuuliza tena, kwa kuwa mara ya kwanza uliruka: nani aliiamuru ruta yangu iandike? Mwenyekiti hawezi hata kubadilisha mlio wa simu yake.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku mvua, kazi za juu ya paa zimesimama. Wifi yako alikuwa na mafua, amepona.

Samahani, nilipaswa kukutahadharisha juu ya kivinjari cha pili. Usifunge kivinjari kimoja kimoja. Ifunge kompyuta yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine, palipo na DNS, weka mjibu yule yule, uwashe usimbaji hapo. Programu zote zitapita humo, uzijue usizijue. Fanya hivyo kwa ile ndogo ya mapajani na ile kubwa ya karakana.

Ruta usiizime wala usiirudishe mwanzo, utapoteza mipangilio yote. Nitakuja mwenyewe likizo niitazame.

Nashukuru umemwona Mama.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Barua hii ni ndefu, keti.

Ulipoandika nisiiguse ruta, nilimsomea Mama Chapa. Akasema, "Kuirudisha mwanzo ni kubonyeza kitundu kwa pini, unahesabu mpaka kumi. Kinachopotea ni nywila na chochote kilichoongezwa na aliyeifunga." Aliyeifunga ni wewe, miaka miwili iliyopita, ulipokuja siku ile Mama alipopotea akakutwa sokoni. Nilitaka kuona.

Fundi ukiibiwa nguo mara kwa mara, unatia uzi wa rangi nyingine ndani ya upindo, mahali asipotazama mtu. Siku ukiikuta nguo mtaani huna haja ya kugombana. Unakunjua upindo. Nikamuuliza Mama Chapa kama kuna uzi wa namna hiyo kwenye kompyuta. Akafikiri, akaanza kucheka peke yake.

Ile ndogo niliifunga kabisa kama ulivyoelekeza, na mambo ya wakili yote nikayahamishia huko. Ile kubwa ya karakana niliiacha wazi makusudi. Mama Chapa akasajili jina jipya la tovuti: "tunauzanyumbayamama". Hakulitangaza, hakulitia kwenye utafutaji, hakumwambia mumewe. Ukurasa wenyewe ulikuwa na maneno manne: "Tovuti inatengenezwa. Rudi baadaye." Nyuma ya ukurasa kulikuwa na daftari linaloandika namba ya laini ya intaneti ya kila anayefungua, na saa yake. Jumatatu saa tatu na dakika kumi asubuhi nililiuliza jina hilo mara moja, kwenye kompyuta kubwa. Nikaizima.

Fikiria vizuri, wewe ni mtu wa kazi hiyo. Jina ambalo duniani wanalijua watu wawili, limetamkwa mara moja ndani ya karakana yangu. Atakayelifungua hana njia nyingine ya kulijua isipokuwa orodha.

Namba ya laini ya Mwenyekiti nilikuwa nayo. Nilipokwenda tena kumwona Mama niliomba nitumie intaneti yao, nikafungua tovuti inayokuonyesha namba yako, nikaiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Mwenyekiti alifungua ukurasa wetu Jumamosi asubuhi, saa mbili kasoro. Kisha akarudi baadaye, kama alivyoombwa. Kwa siku nane aliufungua mara kumi na moja.

Jumapili iliyofuata aliitisha kikao mwenyewe, sikumwomba. Mchana, sebule ile ile. Miwani, karatasi.

"Nilisema kachoka, mkaona namwonea," akaanza. "Sasa anauza nyumba. Kuna tovuti kabisa! Tunauzanyumbayamama. Mama yuko hai!"

Shangazi akashika kifua. "Wee! Kweli hii?"

Nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama Januari. Nikamuuliza, "Jina hilo umelipata wapi?"

"Limezagaa. Watu wanalisema."

"Watu gani?"

"Watu. Mjini."

"Mjini nani, Kaka? Mtaje mmoja."

Akageuka kwa Shangazi. "Mnaona anavyoniuliza maswali badala ya kujibu?"

Mama Chapa nilimwomba aje. Akaeleza kwa maneno ambayo hata Shangazi aliyafuata: lini jina lilizaliwa, nani walilijua, mara ngapi liliulizwa. Akasoma daftari, tarehe na saa, mara kumi na moja. Nikatoa kadi ya kliniki, Shangazi akalinganisha namba kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Alipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo wewe ulikuwa unachungulia nyumba ya dada yako."

"Nilikuwa namlinda Mama."

Ndipo nikaeleza kwamba kwenye zile nyumba za wazee nilikuwa natafuta wateja wa shuka.

"Mlinzi asiyejua kilicho ndani! Shuka za kuuza umetuambia ni kumtupa Mama?"

Nikamwambia, "Kaka, na sisi tukulinde. Mpe Shangazi simu yako asome yote uliyoyafungua mwezi huu. Tarehe na saa. Asome kwa sauti." Simu ilikuwa juu ya meza. Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akiwa mwepesi hivyo. Ilikuwa mfukoni kabla sijamaliza sentensi. Mkewe aliiona ilivyoingia mfukoni, na bado alikuwa akiutazama ule mfuko tulipoondoka.

Mama alirudi kesho yake asubuhi. Yuko dirishani sasa hivi, anawahesabu wapita njia na kuwakosoa mavazi. Mwenyekiti hajaitisha kikao tena, na Shangazi kasema akiitisha hataenda mtu.

Sasa mstari wa kwanza wa daftari. Huo sikuusoma mbele ya watu. Mama Chapa aliuruka kwa kuwa nilimwomba.

Kabla ya Mwenyekiti, Ijumaa saa moja kasoro robo jioni, mtu mwingine alifungua ukurasa. Laini ya mji wako. Kumbuka mwanzo wa mwezi nilimtumia wifi yangu picha za magauni ya watoto achague rangi. Picha zile zilikuwa kwenye ukurasa wenye daftari kama hili. Akafungua akiwa nyumbani kwenu, akachagua samawati, na namba ya laini yenu ikaandikwa. Ni hiyo hiyo.

Kumbe ndiyo maana Mwenyekiti hunipigia Jumamosi. Orodha hukupitia wewe Ijumaa.

Magauni nimeyashona, yako ndani ya kifurushi hiki. Watoto hawana kosa. Nijibu.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Magauni yamefika. Yamewakaa vizuri.

Ni mimi. Mama alipopotea, Mwenyekiti alisema ni lazima tujue kinachoendelea katika nyumba ile. Unajua ni yeye aliyenipeleka kwa bosi wangu na kusema, "Huyu ni wangu, akiharibu niiteni mimi." Niliiamuru ruta iandike na kunitumia orodha kila Ijumaa, nami nikamtumia yeye. Nilisema ni mwezi mmoja. Ulipita, hakuna aliyesema basi. Sikujua angeisoma kikaoni. Barua yako ya Februari ilipokuja, nilikaa nayo wiki mbili.

Nilikufundisha kuziba kwa moyo mweupe. Nilitaka orodha ikauke yenyewe, nisilazimike kumwambia nimeacha.

Na jambo hili uniamini. Nilipoliona lile jina Ijumaa ile nilijua ni mtego. Hakuna mtu anayeuza nyumba kwa jina la namna hiyo. Ningeweza kulifuta kabla ya kumtumia. Sikulifuta. Nililifungua kwa laini yangu mwenyewe, nikaliacha lipite. Nilitaka limfike, na nilitaka nami niwemo.

Ruta sasa haiandiki kitu. Nimeizima hiyo amri kutoka huku.

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu,

Ruta uliyoizima ilikuwa sandukuni. Nimeweka nyingine, na nywila yake ninayo mimi.

Unasema ulijua ni mtego. Huenda. Mtu akishashikwa hukumbuka mengi aliyokuwa akiyajua. Ulikuwa na Ijumaa nyingi za kufuta majina, na ulilala na barua yangu wiki mbili, na hata hivyo jina la wakili wangu lilipita. Hilo la wakili hukuligusa katika maungamo yako. Mama alikaa kwenye ukuta ule siku tisini na tano.

Sitakusema kwa Shangazi. Nataka kitu kimoja. Una ruta nyumbani kwako. Nitolee orodha yake ya miezi miwili iliyopita, kila jina, tarehe na saa, kutoka kompyuta yako. Unitumie kwa karatasi. Usiondoe mstari.

Ukisema nyumbani kwako umefunga na hakuna orodha, nitajua jibu.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Kazini nafunga DNS za watu kila siku. Nyumbani sijawahi kuifunga, uvivu tu, na ruta yangu bado inaandika tangu nilipoijaribia ile amri kabla ya kuiweka kwako. Kwa hiyo orodha ipo. Kurasa ishirini na mbili. Sikuondoa kitu.

Ukurasa wa tisa na wa kumi na nne, nakuomba, kabla ya kumwambia mtu yeyote, niulize mimi kwanza. Nitakueleza. Si vile inavyoonekana.

Usimtajie mke wangu.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na Mama mzima. Leo asubuhi amempigia kelele mwalimu mmoja mlevi wa tai fupi, mwalimu akarudi kuibadilisha.

Kurasa zimefika. Nimezisoma zote, ya tisa na ya kumi na nne mara mbili. Tovuti ya vyumba vya kupanga, vya mtu mmoja mmoja, katika mji ambao wifi yangu hajawahi kuutaja kwenye barua. Jumanne nne mfululizo, saa ya chakula cha mchana.

Sitazisoma kikaoni. Wifi sitamwambia, wala Shangazi. Lakini sitazichana. Nimezitia kwenye bahasha ya kaki, nimeifunga ndani ya droo ya vifungo, na utaishi ukijua ziko hapo, kama mimi nilivyoishi bila kujua.

Sikuulizi chumba ni cha nani. Huenda una maelezo mazuri. Mimi pia nilikuwa nayo.

Dada yako